Ute Uliokatazwa Kuguswa

Kwa zaidi ya miaka mia moja, kila daktari aliyejifunza kupasua macho alifundishwa kuogopa kitu kimoja kuliko vyote: ule ute mzito unaojaza jicho nyuma ya lenzi. Akiwa katikati ya kutoa mtoto wa jicho, ute huo ukichungulia kwenye jeraha, alijua siku imeharibika. Alikata kidogo kilichotoka, akafunga haraka, akamwachia Mungu. Wagonjwa wengi waliofikwa na hali hiyo waliishia kupofuka jicho hilo miezi au miaka baadaye, retina ikiwa imevutwa hadi ikabanduka, au jicho lote likiwa limevimba. Basi walimu wakawaachia wanafunzi wao wosia huo, nao wakawaachia wao: ute ukitoka jicho limekwisha, na ukiwa ndani usiuguse.

Katazo hilo lilivunjwa, na aliyelivunja ana jina. Ila kuna wagonjwa waliochelewa kuliko wote kuonja matunda yake. Ni watu wanaoona vidoa, nyuzi na tando zikielea mbele ya macho yao mwaka hadi mwaka, na ambao kila walikokwenda waliambiwa wazoee tu.

Ute wenyewe ni kitu cha ajabu. Unachukua takriban asilimia 80 ya ujazo wa jicho, kama mililita 4 kwa mtu mzima, na karibu wote ni maji. Kinachoyafanya maji hayo yashikamane ni nyuzi za kolageni, nyembamba mno, zinazotenganishwa na asidi ya hayaluroniki. Asidi hiyo, ambayo leo hata wauza vipodozi wanaitangaza, ilitolewa kwa mara ya kwanza kwenye macho ya ng'ombe mwaka 1934 na Karl Meyer na John Palmer huko New York. Ujanani nyuzi hukaa mbalimbali na mwanga hupita bila kizuizi. Umri ukisogea, ushirikiano huo unavunjika: maji hujitenga na kufanya vidimbwi, nyuzi hukusanyika na kufanya mafundo. Kila fundo hutupa kivuli juu ya retina. Kwa hiyo mgonjwa haoni uzi wenyewe, anaona kivuli chake, na kadiri uzi ulivyo karibu na retina ndivyo kivuli kinavyokolea. Ndiyo maana vidoa hivi husumbua zaidi mtu anapotazama anga, ukuta mweupe, ukurasa wa kitabu au kioo cha kompyuta. Akijaribu kukitazama kimoja kinamkimbia, kwa sababu kinakwenda na jicho lake.

Kisha huja siku ambayo ute, ukiwa umelegea vya kutosha, unaachana na retina. Kwa wengi hutokea baada ya miaka 50 au 60, na kwa wenye macho yasiyoona mbali hutokea mapema zaidi. Pale ulipokuwa umejishikiza kuzunguka mshipa wa fahamu wa jicho hubaki duara la tishu linaloelea, ambalo madaktari hulijua kwa jina la Weiss. Mtu anaamka asubuhi na kuona pete au utando ambao jana haukuwepo. Mara nyingi ni hilo tu. Lakini ute ukiachana na retina kwa kuichana, vidoa huja kwa wingi na kwa ghafla, pamoja na mimweko ya mwanga pembeni mwa jicho, na wakati mwingine pazia jeusi linaloshuka. Huyo hatakiwi kusubiri wiki ijayo. Anatakiwa kuonwa na daktari wa macho siku hiyohiyo.

Waganga wa kale waliyajua malalamiko haya, na Ulaya waliviita vidoa hivyo inzi warukao. Hawakuwa na njia ya kutazama ndani ya jicho lililo hai, hivyo walibaki kubahatisha. Njia ilipatikana mwaka 1851, Hermann von Helmholtz alipotengeneza oftalmoskopu, kifaa kinachorusha mwanga ndani kupitia mboni na kumruhusu daktari kuona retina. Miaka michache baadaye, mjini Berlin, Albrecht von Graefe, aliyekuwa nyota ya matibabu ya macho ya zama zake, alithubutu kuingiza sindano ndani ya jicho na kukata tando zilizokuwa zimetanda kwenye ute. Hiyo ilikuwa mwaka 1863. Alifariki mwaka 1870 akiwa na miaka 42 tu, na wazo lake halikufika mbali, kwa kuwa sindano yake ilikata bila kuondoa chochote. Katazo likabaki palepale kwa karne nzima.

Aliyelivunja ni David Kasner, daktari wa Miami, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akiwafundisha madaktari chipukizi upasuaji kwa kutumia macho yaliyotolewa na benki ya macho. Huko alipata nafasi ambayo thieta haitoi: kuushika ute kwa utulivu, kuuvuta, kuukata, na kutazama unavyofanya. Kisha akaletewa jicho la mtoto lililoumia vibaya, ute umetoka. Kwa mafunzo ya siku zile, jicho hilo lilikuwa limepotea. Kasner hakukata kile kilichochungulia tu, aliendelea kuutoa ute hadi ndani, akafunga. Jicho halikufa.

Hapo ndipo woga wa miaka mia moja ulipoanza kuonekana kwa sura yake halisi. Kilichokuwa kikiua macho hakikuwa kuondoka kwa ute. Kilikuwa ni ute uliobaki umenasa kwenye jeraha, ukiendelea kuivuta retina polepole.

Wagonjwa waliomsadikisha kila mtu walikuwa na amiloidosisi, ugonjwa ambao protini hujikusanya mahali pasipopaswa. Ndani ya macho yao protini hiyo ilikuwa imeujaza ute hadi ukawa mawingu mazito. Retina ilikuwa nzima, ila mwanga haukuwa na njia ya kuifikia. Kwa kukipima kilichowasibu, walikuwa na vidoa vilivyozidi vyote, vilivyoungana na kuwa ukuta. Kasner alikata konea pembeni na kuifunua, akatoa lenzi, kisha akagusa ute kwa kipande kidogo cha sponji. Ute ukashika kwenye sponji, akaunyanyua kidogo, akaukata kwa mkasi. Sponji nyingine, mkato mwingine, hadi sehemu kubwa ikatoka. Taarifa ya upasuaji huo ilichapishwa mwaka 1968, naye Edward Norton, mkuu wa Taasisi ya Macho ya Bascom Palmer ya Miami, akiwa mmoja wa waandishi wake. Watu walioishi gizani waliona tena. Kasner hatajwi sana leo, na kwa maoni yangu hiyo ni dhuluma, kwa sababu bila yeye yaliyofuata yasingekuwa na pa kuanzia.

Miongoni mwa waliomtazama akifanya kazi alikuwa Mjerumani aliyehamia Miami mwaka 1966 kwa ufadhili wa masomo. Robert Machemer alizaliwa Münster mwaka 1933. Baba yake alikuwa daktari wa macho pia, akauawa vitani upande wa mashariki mwaka 1942, mwanawe akiwa na miaka 9. Machemer aliona mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, jicho linaweza kuishi bila ute. La pili, njia ya kulifunua lote ni hatari mno: likiwa wazi hulegea na kunywea, na daktari hufanya kazi huku akiomba lisije likavuja damu. Akajiuliza kama ute ungeweza kuondolewa jicho likiwa limefungwa, kupitia tundu dogo.

Alianza na mayai, nyumbani kwake, kwenye gereji. Alichukua kijisindano cha kutobolea, chembamba, akakiingiza ndani ya mrija wa sindano ya hospitali, akakizungusha kwa mota ndogo huku akivuta kwa bomba la sindano. Alitoboa ganda la yai na kujaribu kuutoa ute mweupe kupitia kitundu hicho. Ukatoka. Ute wa yai si sawa na wa jicho, kwa kuwa hauna zile nyuzi za kolageni, lakini ulitosha kumwonyesha kwamba kitu chenye kunata kinaweza kukatwa na kunyonywa kwa wakati mmoja kupitia mrija mwembamba. Tatizo lililofuata lilikuwa la hesabu tu: ukitoa kitu ndani ya jicho bila kurudisha kingine, jicho litanywea. Kwa hiyo mrija ulihitaji njia ya pili, ya kuingiza maji ya chumvi kwa kiasi kilekile kinachotoka.

Hapa aliingia Jean-Marie Parel, mhandisi, na kazi ikageuka kutoka ya gereji kuwa ya karakana. Pamoja na wenzao walitengeneza kifaa kimoja kilichofanya mambo matatu: kikakata, kikanyonya, kikajaza. Tundu lake la kukatia lilikuwa ubavuni, karibu na ncha, ili kisiichokoze retina iliyo mbele yake. Parel alishughulikia pia darubini ya upasuaji, ili daktari aiendeshe kwa mguu na mikono yake ibaki kwenye jicho. Pa kuingilia palichaguliwa kwa makini, milimita chache nyuma ya ukingo wa konea, ambapo retina haijaanza na lenzi haifikiwi. Mpaka leo kila daktari wa retina duniani huingilia hapohapo.

Tarehe 20 Aprili 1970 kifaa hicho kiliingizwa kwa mara ya kwanza kwenye jicho la mgonjwa. Alikuwa na kisukari, na damu iliyovuja ndani ya jicho lake ilikuwa imetanda kwenye ute na kukataa kuondoka. Tundu lilikuwa la milimita 2.3. Mgonjwa akaona. Mwaka 1971 Machemer na wenzake walitangaza kazi yao, na jina la upasuaji likawa vitrektomi.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Conor O'Malley, akishirikiana na Ralph Heintz, alikitenganisha kile kifaa kizito: badala ya mrija mmoja kubeba kila kitu, matundu matatu membamba, moja la maji, moja la taa, moja la kukata, kila tundu likipungua hadi kama milimita 0.9. Kisu kikaacha kuzunguka na kuanza kupanda na kushuka, kwa sababu kile cha kuzunguka kilikuwa na tabia ya kujiviringishia nyuzi na kuivuta retina. Mwaka 1985 utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha macho 616 ya wagonjwa wa kisukari ulionyesha kwamba kwa waliovuja damu nyingi, hasa wenye kisukari cha aina ya kwanza, kupasuliwa mapema kulileta uoni bora kuliko kusubiri mwaka mzima. Mwaka 2002 Gildo Fujii na Eugene de Juan walileta vifaa vya nusu milimita, visivyohitaji kushona. Mwaka 2010 Yusuke Oshima wa Japani alifikia milimita 0.4. Visu vya mwanzo vilikata mara mamia machache kwa dakika. Vya leo vinapita 10,000. Machemer, aliyehamia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1978, aliyaona mengi ya haya kabla ya kufariki mwaka 2009.

Katika miaka hiyo yote, mtu mwenye vidoa vya kawaida alikuwa bado anaambiwa azoee. Sababu ilikuwa ya kueleweka. Jicho linalovuja damu limeshapoteza mwanga, hivyo upasuaji hauna kikubwa cha kuliharibia. Jicho lenye vidoa linaona. Daktari gani angeliingia jicho linaloona, akijua anaweza kulipofusha?

Lakini kulikuwa na sababu ya pili, na hii ndiyo inayoniudhi. Jicho lilihesabiwa kuwa linaona kwa sababu ya ubao wa herufi. Ubao huo ulibuniwa na Herman Snellen huko Utrecht mwaka 1862: herufi nyeusi tititi kwenye karatasi nyeupe, mgonjwa amekaa mbali, anasoma moja baada ya nyingine bila haraka. Mwenye vidoa hulizungusha jicho, kivuli kinasogea pembeni, anaisoma herufi, anasubiri, anaisoma inayofuata. Anamaliza mstari wa mwisho. Daktari anaandika kwamba uoni ni kamili. Mgonjwa anarudi kazini, na kila anaposoma aya, anapoendesha gari jua likimpiga usoni, au anapokagua mashine, kile kivuli kinapita katikati ya anachotazama. Akilalamika tena anashauriwa apunguze mawazo. Wengine walipelekwa kwa daktari wa akili kwa ugonjwa uliokuwa ndani ya jicho.

Mwaka 2000 William Schiff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha habari za wagonjwa wachache waliofanyiwa vitrektomi kwa ajili ya vidoa pekee, na waliridhika. Wengine wakafuata, Ujerumani, Uingereza na Uholanzi. Kulikuwa pia na leza. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Danièle Aron-Rosa wa Paris na Franz Fankhauser wa Bern walikuwa wameanza kutumia leza ya YAG ndani ya jicho, na baadhi ya madaktari wakajaribu kukipasua kidoa kikubwa mpaka kisambaratike. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, watu 52 wenye pete ya Weiss waligawanywa, wengine wakapigwa leza ya kweli na wengine ya uongo. Waliopigwa leza walisema dalili zimepungua kwa wastani wa asilimia 54, dhidi ya asilimia 9 kwa wale wengine. Si haba, lakini leza hugawa kidoa vipande, haikitoi nje, na haifai kwa tando zilizosambaa au zilizo karibu na retina.

Utafiti ulionigusa zaidi ulitoka Singapore mwaka 2011. Ajay Wagle na wenzake waliwauliza wagonjwa 266 waliofika kliniki wakilalamikia vidoa: ungekubali kutoa kiasi gani cha maisha yako yaliyobaki ili viondoke? Kwa wastani walikuwa tayari kutoa mwaka 1.1 katika kila miaka 10. Walikuwa tayari pia kukubali uwezekano wa asilimia 7 wa kupofuka. Majibu hayo yaliwashtua madaktari. Ugonjwa ambao kwenye vitabu uliandikwa kuwa hauna madhara, wenyewe waliupa uzito wa maradhi makubwa ya macho.

Kilichobakia ni kuupima. Jerry Sebag, daktari wa California ambaye amelitumikia somo la ute kwa sehemu kubwa ya maisha yake, aliacha ubao wa Snellen na kutumia vipimo vya kutofautisha vivuli, yaani jinsi jicho linavyoweza kutenganisha kijivu na kijivu kilicho jirani yake. Hapo malalamiko yalipata ushahidi: uwezo huo ulikuwa umeshuka waziwazi kwa wenye vidoa vikali, na baada ya upasuaji ulirudi. Akaongeza kipimo cha ultrasaundi, kinachoonyesha mafundo ya ute yalivyo mengi. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kumtenganisha mgonjwa anayesumbuliwa na vidoa vichache ambavyo ubongo utavizoea na yule ambaye jicho lake kweli limechafuka.

Upasuaji nao una gharama zake. Uchunguzi uliofanyika Örebro, Uswidi, na kuchapishwa mwaka 2011 ulifuatilia macho 73: takriban wagonjwa 9 katika 10 waliridhika, lakini retina ilibanduka kwenye macho 5. Mtoto wa jicho ni wa kawaida zaidi. Nancy Holekamp na David Beebe wa St. Louis walieleza sababu yake: ute uliokuwa ukidharauliwa kuwa ni kijazio tu hufanya kazi ya kula oksijeni kabla haijaifikia lenzi, na ukiondoka, oksijeni inaifikia lenzi na kuichakaza. Kwa hiyo Sebag huacha milimita 3 hadi 4 za ute nyuma ya lenzi, na hauondoi kwa nguvu ule ambao bado umejishikiza kwenye retina. Kwenye macho 195 aliyoyaripoti mwaka 2018, retina ilibanduka kwa asilimia 1.5.

Hoja hiyo ya kuuacha ute uliojishikiza ndiyo inayowagawa madaktari mpaka sasa. Uchunguzi wa Amsterdam wa mwaka 2011, wa macho 116, ulikuta michaniko ya retina wakati wa upasuaji kwenye asilimia 16.4, na hasa kwa wale ambao daktari aliubandua ute mwenyewe. Hilo linaunga mkono kuuacha. Wapinzani wanajibu kwamba ute uliobaki utajibandua wenyewe siku moja, na mgonjwa atarudi na pete mpya ya Weiss, au na mchaniko uleule uliokwepwa. Kila upande una macho ya kuonyesha.

Kwetu Afrika Mashariki madaktari wa retina ni wachache, na zamu zao za thieta hujazwa na kisukari na retina zilizobanduka. Mwenye vidoa atasubiri nyuma ya hao, na sioni ubaya katika foleni hiyo, mradi kwanza aangaliwe retina yake yote kwa mboni iliyopanuliwa na aaminiwe anachosema. Kwingineko jibu hutegemea anayeuliza ni nani. Kijana wa miaka 30 asiyeona mbali, mwenye lenzi yake ya asili na ute ambao haujaachana na retina, huambiwa na madaktari wengi asubiri. Mzee wa miaka 65 aliyekwisha kutolewa mtoto wa jicho, ute wake umeshabanduka na pete imekaa katikati ya uoni wake tangu mwaka juzi, huchomwa ganzi pembeni mwa jicho na kufanyiwa matundu matatu ya nusu milimita, kisha jioni hiyohiyo anarudi nyumbani.